Kabla hujahamisha programu za kompyuta, jua kwanza kazi yako iko wapi

Kompyuta nyingi tunazonunua hapa Pwani ni za mitumba. Zimetumika miaka mitatu minne katika ofisi za ng'ambo, zikateremshwa bandarini, zikauzwa Mombasa na kusambaa hadi Malindi, Lamu na Ukunda. Nyingi huja na diski ndogo ya kasi, ile iitwayo SSD, ya GB 128 au 256. Mwenyewe akipata pesa kidogo huongeza diski ya pili, kubwa, ya GB 500 au 1,000, na Windows huipa jina la D. Mwaka ukipita, C imejaa hadi mstari wake umegeuka mwekundu, na D haina kitu. Hapo ndipo mtu huja na ombi ambalo mimi, kwa kuwa riziki yangu ni kutengeneza kompyuta, hulisikia karibu kila wiki: "Fundi, nihamishie programu zangu kutoka C ziende D."

Ombi lenyewe laonekana dogo. Kama picha za harusi zaweza kukatwa hapa na kubandikwa pale, kwa nini programu ya hesabu isiwezekane? Nataka kueleza kwa nini haiwezekani kwa njia hiyo, na njia zipi zinafaa. Pia kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Programu ikipotea hupatikana tena. Kazi uliyoifanya kwa programu hiyo ikipotea, imekwenda.

Programu ina mizizi

Zamani za DOS, miaka ya 1980, programu nyingi zilikuwa folda moja tu. Ukiinakili folda ile kwenye diski nyingine, programu ilifunguka bila matata. Windows ikabadilisha mambo. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilileta kitu kiitwacho rejista, na kuanzia Windows 95 rejista ikawa ndilo daftari kuu la kompyuta nzima. Humo huandikwa programu fulani iko wapi, faili za aina gani ni zake, na itaondolewaje siku ikitakiwa kuondoka.

Leo ukiisakinisha programu, yaani ukiiweka kwenye kompyuta, vipande vyake hutawanyika. Mwili wake hukaa katika folda ya Program Files. Baadhi ya vifaa inavyotumia pamoja na programu nyingine huenda ndani ya folda ya Windows yenyewe. Mipangilio ya watumiaji wote hukaa ProgramData, na mipangilio yako wewe hukaa AppData, folda ambayo Windows huificha isionekane ovyo. Programu za printa na za kuzuia virusi huacha pia watumishi wadogo ambao huamka kila kompyuta inapowashwa. Anwani za vyote hivyo huandikwa kwenye rejista, na karibu zote huanza kwa herufi C.

Mfikirie mnazi. Shina ndilo unaloliona, lakini mizizi imetambaa chini kwa chini. Ukilikata shina ukalisimamisha katika shamba jingine, hukuhamisha mnazi, umehamisha gogo. Anayetaka mnazi pale shambani hupanda mche.

Ndivyo inavyokuwa mtu anapoikata folda ya programu kutoka C na kuibandika D. Rejista bado inasema programu iko C. Ni kama mtu aliyehama Kisauni akaenda Likoni bila kumwambia yeyote: wanaomtafuta bado watabisha mlango wa Kisauni. Ukiibofya ikoni, kompyuta inasema haioni kitu. Ukienda kuifungua moja kwa moja kutoka D, pengine itafunguka nusu, kisha ilalamike kwamba kuna kipande kimekosekana. Ikitakiwa kujisasisha, inashindwa. Ukitaka kuiondoa kabisa, inashindwa pia, kwa sababu kifaa cha kuiondoa nacho kimehamishwa.

Lililo baya zaidi ni kukatiza katikati. Windows inazilinda faili za Program Files, na zile zinazotumika wakati huo haziruhusu kuguswa. Basi unakuta nusu ya programu imehamia D na nusu imebaki C, na hata kurudisha kama zamani ni kazi.

Zipo programu chache zisizo na mizizi. Hizo hutengenezwa makusudi zikae ndani ya folda moja, hata kwenye flashi, na zinahamishika kama faili yoyote. Mtengenezaji huwa amesema wazi kwamba toleo hilo halihitaji kusakinishwa. Kama hakusema, ichukulie kuwa ni mnazi.

"Programu imerudi, mbona hesabu hazikurudi?"

Kikundi kimoja cha akina mama kiliniletea kipakatalishi chao baada ya mambo kuharibika. Ni chama cha kuweka na kukopa, na kwa miaka minne katibu wao alikuwa akiandika michango yote kwenye programu ya hesabu. Diski ya C ilijaa. Kijana mmoja aliyeaminika mtaani akaambiwa asaidie. Akakata folda za programu akazibandika D. Programu ilipokataa kufunguka, akaona njia ya mkato ni kupiga fomati diski ya C na kuweka Windows mpya. Kisha akaisakinisha upya ile programu ya hesabu. Ilichukua chini ya saa moja na kompyuta ikawa nyepesi kama mpya.

Katibu alipoifungua, ilimwomba aanzishe kampuni mpya. Hapakuwa na jina la mwanachama hata mmoja.

Daftari la chama halikuwa ndani ya programu. Lilikuwa faili, na faili hiyo ilikuwa C, katika folda ambayo katibu hakuwahi kuijua kwa sababu programu ilijichagulia yenyewe mahali pa kuiweka. Nilijaribu kuirudisha. Diski ya zamani ya kuzunguka mara nyingi hukupa nafasi, maana kilichofutwa hubaki mpaka kiandikwe juu yake. SSD si hivyo. Windows huiambia nafasi gani zimeachwa wazi, nayo huzisafisha zenyewe ili iandike upesi baadaye. Ukipiga fomati SSD, matumaini ya kurudisha faili huwa madogo mno. Sikupata kitu.

Mwenyekiti wao, bi mkubwa wa makamo, aliniuliza: "Mwanangu, programu imerudi, mbona hesabu hazikurudi?"

Swali lake ndilo kiini cha mambo yote haya. Walikaa miezi kadhaa wakikusanya jumbe za M-Pesa na karatasi za zamani ili kujua nani alichanga ngapi. Wawili waliotoa pesa taslimu hawakuwa na cha kuonyesha, wakatoka kwenye chama kwa uchungu. Yule kijana hakuiba, na wala hakuwa na nia mbaya. Alishughulika na programu, ambayo ilikuwa rahisi kuipata tena, bila kuuliza amana ya watu iko wapi.

Kwa mwenye duka pia jambo hili ni zito. Sheria ya taratibu za ushuru ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara aweke rekodi zake miaka 5. Kusema kwamba fundi alipiga fomati hakutazirudisha hesabu hizo.

Hatua ya kwanza: itoe kazi yako

Kabla ya kuhamisha chochote, kabla hata ya bisibisi kutoka mfukoni, kazi yako inakiliwe mahali pengine. Nasema inakiliwe, isikatwe. Ya asili ibaki palepale mpaka kila kitu kimalizike.

Wengi hudhani kazi yao yote iko kwenye folda ya Documents na ile ya mezani, Desktop. Sivyo. Hizi ni sehemu ambazo kazi hujificha:

Programu ya QuickBooks ya kwenye kompyuta huweka faili ya kampuni, inayoishia na herufi QBW, katika folda ya Documents ya watumiaji wote. Hiyo si ile ya kwako. Iko chini ya Users, kisha Public. Njia salama ni kuiambia programu yenyewe itengeneze nakala ya akiba, nayo hutoa faili inayoishia na QBB.

Barua pepe za Outlook huweza kuwa ndani ya faili moja kubwa inayoishia na PST.

Wapiga picha wanaotumia Lightroom wana katalogi inayoishia na LRCAT. Picha zaweza kuwa D na katalogi ikawa C. Ukipoteza katalogi, picha unazo, lakini kazi uliyoifanya kupanga na kurekebisha rangi huenda imepotea. Wahariri wa video za harusi nao wakumbuke kwamba mradi wa Premiere hauna video ndani yake. Una anwani za video. Ukizihamisha klipu, mradi utafunguka na kusema hazionekani, mpaka uzionyeshe zilipo sasa.

Alamisho na nywila za Chrome ziko ndani ya AppData. Kama umeingia kwa akaunti yako na umewasha ulinganishaji, zitarudi. Kama hukuwasha, hazitarudi.

Kwa programu nyingine yoyote, ifungue, nenda kama unayetaka kuhifadhi kazi kwa jina jipya, na utazame folda ipi inajitokeza. Mara nyingi hapo ndipo kazi zako za zamani zilipo.

Nakala iwekwe kwenye diski ya nje, isiwe D ya kompyuta hiyohiyo peke yake. Kisha uijaribu: ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua faili mbili tatu, uone kama zasomeka. Nakala ambayo hukuifungua, usiihesabu kuwa unayo.

Huenda hupaswi kuhamisha programu hata kidogo

Wateja wangu wengi hushangaa nikiwaambia hivi, lakini programu ndizo zinazostahili kubaki C.

Diski ya kawaida ya kuzunguka ina sahani zinazokwenda mbio mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachokimbia huku na huku kutafuta kilipo kila kipande. Husoma takriban MB 100 hadi 150 kwa sekunde ikiwa faili ni moja kubwa iliyopangika, na hupungua sana ikiwa faili ni ndogo ndogo. SSD ya kawaida ya SATA hufika karibu MB 500, na hakuna kinachozunguka. Programu inapofunguliwa husoma mamia ya faili ndogo. Kwa hivyo ukiihamishia kwenye diski ya kuzunguka, umeitoa barabara ya lami ukaipeleka kwenye mchanga.

Video ya harusi ya saa tatu haina haja ya kasi hiyo. Itacheza vizuri tu kutoka diski ya kuzunguka. Basi iliyo mizigo mizito na isiyo na mizizi, yaani video, picha, nyimbo, mihadhara na filamu, ndiyo iende D. Programu zibaki C.

Anza kwa kutazama ni nini hasa kimejaza C. Fungua Settings, kisha System, kisha Storage. Kompyuta itakuorodheshea. Mara nyingi nakuta haya:

Folda ya Downloads yenye vitu vya miaka mitatu, vingine vimepakuliwa mara nne.

Pipa la taka ambalo halijawahi kumwagwa. Faili iliyo ndani ya pipa bado inakula nafasi.

Folda ya Windows.old, ambayo hubaki baada ya kupandisha Windows. Yaweza kuchukua zaidi ya GB 10. Kwa kawaida Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10, lakini si kila mara. Ifute kwa kupitia sehemu hiyo ya Storage, baada ya kuhakikisha huna faili yako humo.

Na usishangae ukiona diski ya GB 256 inaandikwa 238 hata ikiwa tupu. Muuzaji hakukudanganya. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Folda za Documents, Pictures na Videos zinaweza kuhamishwa kwa njia rasmi. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha Location, kisha Move, uonyeshe folda mpya uliyoitengeneza D. Windows itahamisha vilivyomo na kurekebisha anwani zenyewe. Usichague D yenyewe kavu kavu, tengeneza folda ndani yake, vinginevyo utapata taabu siku ukitaka kurudisha.

Ukifanya haya pekee, mara nyingi C hupumua na safari ya kuhamisha programu hufutwa.

Ikiwa lazima uhamishe, hizi ndizo njia

Njia ya kwanza ni kitufe cha Windows chenyewe. Katika Windows 11 fungua Settings, kisha Apps, kisha Installed apps. Bofya vidoti vitatu mbele ya programu. Ukiona neno Move, na likawa linabofyeka, chagua D na Windows itafanya kazi yote, pamoja na kubadilisha anwani. Windows 10 ina kitu hichohicho chini ya Apps & features. Kasoro yake ni kwamba hufanya kazi kwa programu zilizotoka katika duka la Microsoft. Zile ulizopakua kwenye tovuti au kuwekewa na fundi hazina kitufe hicho.

Vijana wanaocheza michezo kupitia Steam wana njia yao pia. Steam ina sehemu ya Storage katika mipangilio yake, ambapo mchezo waweza kuhamishwa kutoka diski moja hadi nyingine. Michezo ndiyo mizigo mikubwa kuliko yote kwenye kompyuta nyingi, kwa hivyo hatua hii pekee yaweza kufungua makumi ya GB.

Njia ya pili ni kupanda mche mpya: kuiondoa programu na kuisakinisha tena, mara hii ukichagua D. Ndiyo njia safi kwa programu za kawaida. Kabla ya kuiondoa, hakikisha una mambo matatu mkononi: faili ya kuisakinishia, ufunguo wa leseni au nywila ya akaunti uliyonunulia, na nakala ya kazi zako. Programu nyingine huhesabu kompyuta unazozitumia, kwa hivyo ondoka kwenye akaunti yako kwanza ndipo uiondoe. Unaposakinisha, usibofye "endelea, endelea" bila kusoma. Tafuta mahali panapouliza programu ikae wapi. Baadhi haziulizi. Chrome haiulizi, na Office za siku hizi haziulizi, zinakwenda C moja kwa moja. Hizo ziache huko.

Hata baada ya kuchagua D, vipande fulani bado vitakaa C. Hilo ni kawaida. Usiende kuvifuta ukidhani ni mabaki.

Njia ya tatu ni kuhamisha shamba zima. Ikiwa diski yenyewe ndiyo ndogo, dawa huwa ni kununua SSD kubwa zaidi na kuinakili diski yote kama ilivyo, Windows na programu na kazi zako, sehemu kwa sehemu. Programu ya bure ya Clonezilla hufanya hivyo, na baadhi ya watengenezaji wa diski hutoa zao kwa wateja wao. Njia hii hufaulu kwa sababu ambayo sasa unaijua: diski mpya ikishika nafasi ya ile ya zamani, nayo inaitwa C. Hakuna anwani hata moja iliyobadilika. Mizizi imehama pamoja na udongo wake.

Lakini ina masharti. Diski mpya kwa kawaida iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Kila kilichokuwa ndani ya diski mpya kitafutika, kwa hivyo tazama mara mbili ipi ni ya kutoka na ipi ni ya kwenda, maana ukizibadilisha utanakili utupu juu ya kazi yako. Stima ikipotea katikati utaanza upya, basi tumia kipakatalishi chenye betri nzima au kifaa cha kuhifadhi umeme. Ikiwa kompyuta ina ulinzi wa BitLocker, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuanza. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 huwasha ulinzi huo zenyewe, na mwenyewe hajui mpaka siku anapoulizwa. Kwa kawaida ufunguo huwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha kompyuta.

Ukimaliza, iondoe diski ya zamani kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, ili kompyuta isichanganyikiwe. Kisha iweke kabatini bila kuigusa kwa wiki mbili. Hiyo ndiyo bima yako.

Ipo njia ya nne ambayo mafundi huipenda: kuihamisha folda, kisha kuacha mahali pake kiungo kinachoielekeza Windows kwenye makao mapya. Amri yake ni mklink. Programu hubisha C, kiungo huipeleka D, nayo haijui kama imehamishwa. Hufanya kazi, nami nimeitumia kwa folda za michezo na za kazi za muda. Kwa programu ya hesabu ya biashara au ya zahanati siipendekezi. Programu ikijisasisha huenda ikakivunja kiungo, na fundi atakayekuja baada yako hatajua kipo.

Neno moja kuhusu diski za nje na flashi. Usisakinishe programu humo ukitegemea itafunguka daima. Leo kompyuta yaweza kuiita E, kesho ukichomeka kitu kingine kwanza ikaiita F, na anwani zote zikapotea. Tena mtu akiing'oa programu ikiwa wazi, kazi yaweza kuharibika.

Maswali ya kumwuliza fundi

Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ukome tarehe 14 Oktoba 2025, napokea watu wengi wanaotaka kubadilisha diski na Windows kwa mpigo mmoja. Mafundi wana kazi, na kazi ya haraka ndiyo huleta hasara. Huna haja ya kujua kompyuta ndipo umwulize fundi maswali. Haki hiyo unayo kwa sababu mali ni yako.

Mwulize: Kazi zangu ziko wapi, nionyeshe kwa macho yangu. Umezinakili wapi? Zifungue nizione. Utapiga fomati? Ikiwa ndiyo, diski gani? Una leseni za programu utakazozirudisha, au utaniwekea za wizi ambazo huja na virusi? Diski yangu ya zamani nitarudishiwa?

Fundi mzuri hataudhika. Atakaa nawe dakika kumi akueleze, na bei mtakubaliana kabla ya kuanza. Akikwambia, "Mama, we niachie tu, njoo jioni," mwambie bila ugomvi kwamba utamwachia kompyuta baada ya kuona nakala. Kama hataki, chukua kompyuta yako uende kwa mwingine.

Na nyinyi vijana mnaosaidia majirani, msaada wenu twauhitaji. Si kila mtu ana pesa za kwenda dukani mjini. Lakini mkipewa kompyuta ya chama, ya madrasa au ya duka, swali la kwanza lisiwe "Windows gani?" Liwe "Kuna nini humu ambacho hakipatikani tena?" Kiandikeni jibu kwenye karatasi, mkinakili kwanza, ndipo mguse programu.

Mwisho, diski ya zamani isiuzwe wala kugawiwa ikiwa na mambo yako. Kufuta faili kwa kawaida hakutoshi kwa diski ya kuzunguka, kwani mtu aweza kuzirudisha. Windows ina njia ya kuisafisha kikamilifu inapowekwa upya, ukichagua isafishe diski. Fanya hivyo zile wiki mbili zikisha kupita, kazi zote zikiwa zimefunguka kwenye diski mpya, na nakala ya akiba ikiwa nyumbani kwa mtu mwingine unayemwamini.